Jiko la peleti litengenezwe kwa umeme wetu na upepo wetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na watu wa nyama choma, mafundi wenzangu na wale wanaoagiza vitu nje, kuhusu haya majiko ya kuchoma na kufukiza nyama yanayotumia peleti za mbao, yaani vile vipande vidogo vya unga wa mbao uliobanwa. Mimi ni fundi wa majiko na vifaa vya umeme hapa Chang'ombe Dodoma, na haya majiko yameanza kuingia mjini, sio mengi lakini yapo, kuna wenye garden zao wameagiza, kuna waliorudi kutoka nje wamekuja nayo kwenye kontena, na yakigoma yanaletwa kwetu. Jiko lenyewe nalipenda, nasema wazi. Ila limeundwa kwa ajili ya mtu ambaye umeme wake haukatiki na banda lake halipigwi na vumbi, na hiyo ndo shida ninayotaka tuiongelee, kwasababu inatatulika tena kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa.

Kwa ambaye hajaliona, pembeni kuna hopa ya kumwagia peleti, chini ya hopa kuna skrubu ndefu, ni kama ile ya mashine ya kukamua alizeti ila nyembamba, inazungushwa na mota ya taratibu sana na kazi yake ni kusukuma peleti mpaka kwenye kikombe cha chuma chenye matundu. Humo kwenye kikombe kuna kiwashio, kijiti cha chuma kinachopata moto mpaka kinakuwa chekundu, na kuna feni inayopuliza hewa. Juu ya kikombe kuna bati zito la kuzuia moto usipige nyama moja kwa moja, juu yake trei imelala kidogo ili mafuta yachuruzike mpaka kwenye kindoo cha nje, alafu ndo wavu wa nyama. Ndani kuna sensa inasoma joto inapeleka habari kwenye bodi, na bodi ndo inaamua skrubu izunguke sekunde ngapi ipumzike sekunde ngapi. Kitu hiki kilianzia Marekani, mji mdogo wa Mount Angel jimbo la Oregon, Joe Traeger akapata hataza yake 1986, na wazo lilitoka kwenye majiko ya peleti ya kupashia nyumba joto wakati wa baridi. Kwahiyo tangu mwanzo ni mashine ya nyumba yenye soketi ukutani inayotoa umeme muda wote.

Kwanini nalipenda. Ng'ombe wetu huku kati wengi ni wa kienyeji, katembea umbali mrefu kutafuta majani, nyama yake tamu lakini haina mafuta mengi na imejaa mishipa. Kidari, shingo, muundi, hizo sehemu ukiziweka juu ya mkaa mkali zinakauka nje na ndani hazitafuniki, ndo maana zinaishia kwenye supu. Ukiziweka kwenye nyuzi 110 za sentigredi, taratibu kwa masaa mengi, ile mishipa inayeyuka inakuwa ute na nyama inaachia mfupa yenyewe, hapo ndani ya nyama inakuwa imefika nyuzi 90 mpaka 95 hivi. Na niseme hapa maana nimeshaitwa sana kwa hili: nyama ikifika nyuzi sitini na kitu mpaka sabini na kitu inagoma kupanda, inaweza kukaa masaa hapo hapo, watu wanapiga simu fundi jiko limekufa. Jiko halijafa. Maji yanayotoka kwenye nyama yanakauka juu na yanaipoza wakati jiko linaipasha, subiri tu, au ifunge kwenye foili itapita hapo haraka. Ila kwa nyama yetu isiyo na mafuta mimi nashauri pia uweke kibakuli cha maji ndani ya jiko, nyama ya huko Marekani ina mafuta yake ya kujilinda, ya kwetu hapana.

Sasa matatizo.

La kwanza ni la umeme wa kwao na wa kwetu. Jiko lililotengenezwa kwa soko la Marekani ni la volti 120 na hezi 60, yaani umeme unapiga mizunguko 60 kwa sekunde, sisi tuna volti 230 hezi 50. Ukilichomeka moja kwa moja kiwashio kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya kile kilichopangiwa, kinakatika, na bodi inaondoka nayo. Hilo wengi wanalijua wananunua transfoma ya kushusha. Lakini transfoma inashusha volti tu, hezi inaziacha vile vile, na mota za AC, zile za umeme wa ukutani, za skrubu na feni kwenye majiko mengi zinafuata hezi, kwahiyo zinazunguka pungufu karibu moja ya sita na zinapata joto zaidi. Peleti zinaingia pungufu, hewa inaingia pungufu, na kama bodi ni ile ya zamani yenye ratiba ya kukariri, mfano zunguka sekunde 15 pumzika dakika moja na kidogo, haijui kama mota imepungua mwendo, inaendelea na ratiba yake tu na jiko halifiki joto unalotaka. Bodi za kisasa zinapiga hesabu muda wote, zinaangalia joto liko mbali kiasi gani na ulilotaka na linapanda au kushuka kwa kasi gani, hizo zinajirekebisha. Mtu anayeagiza aulize hilo kabla ya rangi na magurudumu.

La pili ndo kubwa na ndo hasa lililonifanya niandike. Umeme ukikatika katikati ya kazi nini kinatokea? Feni inasimama, skrubu inasimama, lakini moto kwenye kikombe upo bado. Hauna hewa ya kutosha kwahiyo unafuka tu taratibu, na pale peleti za kwenye kikombe zimegusana na peleti za mdomoni mwa skrubu, kwahiyo moto unaweza kuanza kurudi nyuma kidogo kidogo ndani ya bomba kuelekea kwenye hopa ambako kuna kilo kadhaa za mbao kavu. Sio kila umeme ukikatika inatokea, lakini nimefungua jiko nikakuta rangi ya nje ya bomba imeungua mpaka karibu na hopa, mwenyewe alikuwa anasema tu kuna harufu.

Alafu umeme unarudi. Majiko mengine yanabaki yamezima mpaka uyawashe mwenyewe, hayo afadhali. Mengine yanaendelea pale yalipoachia, na kama moto umeshakufa skrubu inamwaga peleti juu ya majivu ya moto, zinajaa kikombe, zinaanza kufuka moshi mzito mweupe unaoelekea njano, jiko zima linajaa ile gesi ya moshi, siku ikipata mwali inawaka yote kwa pamoja na mfuniko unaruka. Mtu kasimama hapo na koleo mkononi. Hii sio hadithi ya kutisha, ndivyo mashine inavyofanya kazi, na ukiona moshi wa hivyo usifungue mfuniko na usiguse jiko, zima umeme ukutani, kaa mbali, acha lipoe kabisa alafu safisha kikombe ndo uwashe upya.

Dawa yake inajulikana wala sio ya gharama kubwa. Bodi ikipata umeme tena isome joto kwanza, kama bado lipo juu iendelee, kama limeshuka isimwage hata peleti moja, ipige kelele mwenye jiko aje. Kwenye bomba la skrubu iwekwe suichi ndogo ya joto, jamii ya zile za kwenye pasi na birika la umeme tunazozibadilisha kila siku ila hii iwe ya kuunga umeme ikipata joto, sio ya kukata, bomba likipata moto kupita kiasi na umeme upo skrubu izunguke isukume zile peleti zinazoungua zitoke ziingie kwenye kikombe. Mfuniko wa hopa uwe na gasketi usivujishe hewa, kwasababu hopa inayovuja ndo inauvuta moto upande wake. Na kubwa zaidi, skrubu ipandishe peleti juu alafu zidondoke kwenye kikombe kutoka kwa juu, kuwe na uwazi kati ya moto na skrubu. Majiko mengi ya kupashia nyumba joto yanafanya hivyo hivyo, moto hauna njia ya kurudi maana hakuna peleti iliyogusana na nyingine. Kwenye majiko ya nyama wameweka skrubu ya kulala kwasababu inafanya jiko liwe fupi na zuri kwa macho. Mimi nipe refu na salama.

Na tukitoka hapo kwanini tung'ang'anie soketi? Jiko likishawaka linakula umeme kidogo sana, kinachokula ni kiwashio, wati 200 mpaka 300 kwa dakika chache za mwanzo. Ukitumia mota ya DC, ya umeme wa betri, ya volti 12 na feni ya volti 12 jumla na bodi unaweza ukabaki kwenye wati 30 hivi. Betri ya 12V ya Ah 50 (ampea-saa 50) ina kama wati-saa 600, kama ni ya asidi usiinyonye zaidi ya nusu, unabaki na 300, hayo ni masaa kumi ya kufukiza nyama bila kuuliza umeme upo au haupo. Weka paneli ndogo ya sola juu ya banda, jua la Dodoma tunalo. Kiwashio ondoa kabisa au kiache kwa wenye umeme, kwa volti 12 kitavuta ampea 17 mpaka 25 utahitaji waya mnene na betri itaumia bure, wakati kaa moja la moto kutoka kwenye jiko la chai ukiliweka kwenye kikombe na peleti kiganja kimoja, feni ikipuliza, moto umeshika. Nje huko yapo majiko madogo ya kubeba ya volti 12, kwahiyo sio ndoto ya fundi wa Chang'ombe.

Nafikiria hasa watu wa mnadani. Jumamosi pale Msalato mtu wa choma anasimama kwenye moshi toka asubuhi, macho mekundu, na mkaa wake umetoka porini mbali. Kwa tanuru la udongo la kienyeji kilo 100 za kuni zinatoa kilo 10 mpaka 20 tu za mkaa, mti mzima unaishia hewani kabla hata nyama haijawekwa. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mazungumzo mengi naona yamekwenda kwenye mtungi wa gesi nyumbani. Sawa kabisa. Lakini choma ya biashara nayo iongelewe, na huyu wa mnadani hawezi kutumia mashine ya plagi, hana pa kuchomeka.

Upepo na vumbi nisiongee sana. Mwezi wa sita mpaka wa nane upepo wa hapa unapoza jiko la bati jembamba, skrubu inazunguka muda wote na peleti zinakwisha, kwahiyo mwili uwe wa bati mbili na sufu ya madini isiyoungua ya kuzuia joto katikati, na mfuniko ukae vizuri. Feni iwekewe wavu mdogo unaochomoka kwa ajili ya kusafisha, vumbi jekundu linakula beringi. Kikombe cha moto kichomoke kwa chini na majivu yadondokee kwenye droo, sio mtu atoe nyama, atoe wavu, atoe trei, atoe bati ndo afikie majivu, akishachoka anaacha, matundu yanaziba, hewa haipiti na moto unakufa.

Masika, ah, hapa lazima niseme. Peleti ni unga wa mbao uliobanwa kwa nguvu mpaka lignini, kile kishikizo cha asili kilicho ndani ya mbao, inashikilia yenyewe, haiongezwi gundi, ikilowa inavimba inarudi kuwa unga. Mtu kaacha peleti kwenye hopa, mvua imenyesha usiku, asubuhi anawasha, skrubu inasogeza ule uji kidogo inakwama, anazima anaenda, ukikauka ndani ya bomba hautoki mpaka ufungue mota, utoe skrubu yote kwa nyundo na patasi. Na pale mota inapoungana na skrubu kuna pini au kibolti kidogo laini, kimewekwa kikatike makusudi skrubu ikikwama ili giaboksi ipone. Watu wakiona kimekatika wanaweka bolti ngumu ya pikipiki wanafurahi haikatiki tena, siku nyingine skrubu inakwama na meno ya giaboksi ndo yanakatika. Jamani kibolti kile acheni kikatike. Na hopa iwe na mlango chini wa kumwagia peleti zote kwenye ndoo yenye mfuniko kila ukimaliza kazi, majiko mengine hayana na unachota kwa kikombe, hilo hata fundi wa mageti anaweza kukata na kuchomelea kwa nusu siku.

Peleti zenyewe sasa. Kutegemea za kuagiza kwa meli haiwezekani kibiashara. Na hapa ndo Dodoma tuna kitu ambacho wengine hawana: zabibu zetu zinavunwa mara mbili kwa mwaka na kila msimu mizabibu inakatwa matawi, Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, Mbabala, yale matawi mengi yanachomwa moto pembeni ya shamba. Wafaransa wa Bordeaux wanachomea nyama juu ya matawi ya mizabibu na wanajivunia, sisi tunayachoma kama takataka. Yakikaushwa, yakasagwa, yakafika unyevu wa asilimia 10 mpaka 15, yanaweza kubanwa peke yake au kuchanganywa na unga wa mti mgumu kama mwembe au mpera. Shamba lililopigwa dawa karibuni matawi yake yaachwe, tuulizane na wakulima kabla. Maganda ya karanga na ya alizeti yapo ya kumwaga huku, lakini majivu yake ni mengi kuliko mbao safi ambayo majivu yake hayafiki hata asilimia 1, na majivu ya mabaki ya mashambani mara nyingi yanayeyuka kwenye moto mkali yanaganda mawe ndani ya kikombe, kwahiyo ukiyatumia jiko liwe na kikombe kipana na kisafishwe mara kwa mara.

Na tafadhali sana, mtu asiende kwa fundi seremala akazoa vumbi lolote la mbao akabana peleti za nyama. Paini ina utomvu, moshi wake ni masizi na nyama inakuwa chungu. Vumbi la MDF, zile mbao za kiwandani za unga uliobandikwa, lina gundi. Mbao zilizopigwa dawa ya wadudu, zile zenye rangi ya kijani, zinaweza kuwa na sumu ya arseniki, hazifai hata kuota moto. Minyaa ya uani nayo isiingie kabisa, maziwa yake yanajulikana yanavyofanya macho. Chakula cha watu hicho.

Wapo wanaosema nyama ya peleti haina moshi wa kutosha. Wana haki. Peleti inaungua safi, ukipandisha joto juu moshi karibu haupo kabisa, ndo maana ukitaka harufu unaanza na joto la chini masaa ya mwanzo. Mimi naongeza kidroo cha chuma juu ya kikombe, unaweka vipande vya mzabibu au mkwaju vinafuka taratibu, moshi mwembamba wa bluu ndo unaoutaka, mweupe mzito hapana. Ni kazi ya grainda, bati la milimita 3 na nusu saa ya kuchomelea.

Ombi langu. VETA wa mafunzo ya ufundi na SIDO wa viwanda vidogo hapa Dodoma, na vijana wa uhandisi pale chuo kikuu cha UDOM, chukueni hili muwe na mfano mmoja wa jiko la peleti la volti 12, peleti zinadondoka kutoka juu, mwili bati mbili, mchoro wake uwekwe wazi mafundi wa mtaani tuuchukue. TBS, shirika la viwango, wakikagua majiko haya waangalie tabia yake umeme ukikatika na ukirudi, sio waya na plagi peke yake. Wanaoagiza leteni ya volti 230 hezi 50 au ya volti 12, na leteni na pini za akiba, sensa na vikombe, maana jiko la hela nyingi linakaa stoo kwa kukosa kifaa kidogo.

Na mwenye banda unayetaka kununua, kabla hujalipa mwambie muuzaji aliwashe mbele yako bila nyama, lifike nyuzi 110, alafu chomoa plagi ukutani. Kaa nje hapo mpaka joto lishuke kabisa, shika bomba la skrubu karibu na hopa kwa nje uone kama linapata moto, alafu rudisha plagi ukiwa umesimama pembeni sio mbele ya mfuniko. Likianza kumwaga peleti bila kuwasha kiwashio kwanza wala kutoa taarifa yoyote, usilinunue.

Fundi majiko,
Chang'ombe, Dodoma